Meza ya Wenye Bibu

4 Februari

Mke mwenzangu,

Barua hii ikukute umeshiba. Kama ina bahati mbaya ikakukuta na njaa, iweke kando ule kwanza, maana mimi siandikii matumbo matupu.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto ndilo lenye mambo, lakini lina mambo tangu babu yako yuko hai, na yeye pia alikuwa na mambo. Mjomba wako alikuja Jumapili, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Akaniuliza, "Mama, huduma za hapa zikoje?" Nikamwambia huduma huulizwa hotelini, mama huulizwa hali. Akatazama saa, akaondoka.

Usinipigie simu. Simu iko ofisini kwa matroni, na kwa sikio hili langu inabidi nipaze sauti, na nikipaza sauti nyumba nzima ya wazee inajua mambo ya ukoo wetu. Niandikie. Mimi niliacha shule darasa la tatu, lakini herufi hazikuniacha.

Nimeletewa mtu chumbani. Kapewa kitanda cha dirishani, kile nilichokiomba mimi. Alikuwa mkunga, nusu ya watu wa mji huu wamepita mikononi mwake. Kiharusi kimemlaza mkono mmoja na mdomo upande mmoja. Akili anazo zote, maneno anayo machache, lakini kula hataki. Chakula kinamponyoka pembeni ya mdomo kinamwagikia kifuani, na huyu ni mwanamke aliyezoea kusimama juu ya watu akiwaamuru wasukume. Leo afungwe bibu shingoni kama mtoto, tena yenye picha ya bata, alishwe mbele ya ukumbi? Hataki hata kuusikia huo ukumbi. Hapa chumbani anakula vijiko viwili vitatu, kajifunika uso kwa mkono, basi. Matroni anasema akizidi kukonda atapelekwa hospitali alishwe kwa mpira wa puani, na wanaokwenda kule kwa mpira huwa hawarudi.

Hayo hayanihusu. Ni mgeni tu, halafu anakoroma. Ila kwa hilo la aibu namwelewa kidogo. Mimi na meno yangu ya dukani, nani amewahi kuniona bila hayo? Babu yako alizikwa akidhani ni yangu.

Halafu wametuletea bwana mmoja mwenye tai. Kila Jumatano anatukalisha duara, tunapiga makofi, tunasema ha ha ha, ho ho ho, kama magari mabovu yanayokataa kuwaka. Anasema kicheko ni dawa ya mzee. Nikamwambia, baba, mimi sichekeshwi kwa amri. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Tumemwita Bwana Kicheko, na yeye mwenyewe hatujamwona akicheka.

Mpiga picha wako hajambo? Mwambie bado nasema kidevu kile ni kidogo mno kwa mwanamume wa kuoa, lakini mpe salamu.

Bibi yako,
mwenye meno kamili


27 Februari

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa hotelini kuna wageni wa mkutano, na ile mashine kubwa ya kupigia mashuka pasi imeharibika, kwa hiyo chumba cha kufulia wote tunapiga kwa mkono. Nanuka wanga mpaka kwenye nywele. Mjomba ananiambia umekonda. Umekonda?

Huyo Mkunga, Bibi, mfanye acheke. Usimfanyie ya Bwana Kicheko, mfanyie yako. Sisi ulikuwa unatutukana mezani tunacheka mpaka tunapaliwa. Mama alikuwa akisema ulimi wako unaweza kumenya viazi.

Likizo ya mwezi wa nne sitapata. Kazi ni nyingi. Mungu akipenda nitakuja baadaye.

Wote hawajambo, wanakusalimu.

Mjukuu wako


16 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikaa njiani mpaka ikafika imechoka. Sijakonda. Mjomba wako ndiye aliyenenepa, sasa kila anayemtazama anamwona mwembamba. Mwanawe wa mwisho kafaulu mitihani, ashukuriwe mama yake. Na huo mkutano wa hotelini, wanakutana kuhusu nini mwezi mzima?

Kuna jambo limetokea hapa na sitakuambia.

Basi sikiliza. Kila Jumamosi wahudumu wanakusanya meno ya bandia ya nyumba nzima, kila mtu na kikombe chake, wanayasugua, kesho yake wanayarudisha. Jumapili nikaamka, nikavaa meno, nikaenda ukumbini kunywa chai. Mkate ukanishinda. Nikiuma, meno yanakwenda kushoto, mkate unakwenda kulia. Nikamwita mpishi. Nikamuuliza, "Wewe, huu mkate umeuoka au umeufyatua?" Akasema, "Mama, mkate ni ule ule wa jana." Nikamwambia asinifundishe mkate, nimeoka mkate yeye hajatungwa mimba. Nikataka aitwe matroni. Matroni akaja. Nikasimama, na unanijua nikisimama. Nikauhutubia ukumbi wote juu ya uzembe, juu ya heshima ya wazee, juu ya watu wasiomwogopa Mungu. Nikatoka kwenye mkate nikaingia kwenye supu, nikatoka kwenye supu nikaingia kwenye malezi ya siku hizi. Kila neno lenye S lilinitoka na filimbi. Nilidhani ni hasira.

Meza ya jirani alikaa Karani. Huyu ni mzee mwenye adabu za ofisini, hata chafya anaiombea ruhusa. Tangu chai iletwe alikuwa kimya, mashavu yamemvimba kama kabeba ndimu mbili. Nilipokaa chini nipate kuhema, akanyanyua mkono. Akachomoa meno kinywani mwake, akayafuta, akayaweka juu ya kitambaa safi, akayasogeza kwangu.

"Samahani mama," akasema, "haya nadhani ni yako. Yananibana tangu nilipoamka. Hayo uliyovaa ni ya kwangu, lakini sikutaka kukukatiza."

Nikasikia sauti nyuma yangu, kama mlango usiotiwa mafuta. Mkunga. Walikuwa wanampitisha kwenye kiti cha magurudumu kwenda kuota jua, wakasimama kusikiliza hotuba yangu kama watu wote. Anacheka. Nusu ya mdomo inacheka, nusu imelala, mate yanamtoka wala hayafuti. Baada ya hapo wakaangua wote. Mpishi alikaa sakafuni kabisa. Na siku hiyo, mke mwenzangu, Mkunga alikula bakuli zima la uji. Chumbani, lakini zima.

Mimi nilikwenda kulala na kujifunika gubigubi. Nyani haoni kundule, sawa, lakini nyani yupi aliyewahi kusimama na kulihutubia? Tangu siku hiyo naletewa chakula chumbani. Bwana Kicheko ameniomba nikisimulie kisa hicho Jumatano, eti kitawafaa wazee. Nimemwambia mimi si ngoma ya kupigwa na kila mpita njia.

Mpiga picha umemfikishia salamu?

Bibi yako,
na meno ni yangu, nimeyatia alama


8 Aprili

Shikamoo Bibi,

Barua yako niliisoma nikipiga pasi, nikaunguza foronya mbili. Wenzangu wakaniuliza nina nini, ikabidi niwasomee. Tulicheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama mvuke umetuzidi. Dobi mkuu sasa akikosea anasema, "Sikutaka kukukatiza." Nilikuwa na muda mrefu sijacheka.

Bibi, wasimulie. Wewe ndiye uliyekuwa unatuambia chakula cha mtu mwenye kinyongo hakishuki.

Wote hawajambo.

Mjukuu wako


17 Aprili

Wewe mtoto usiye na haya,

Salamu utazipata mwisho wa barua kama zikibaki. Yaani umenisoma mbele ya madobi? Mimi niliyekulea nikiwa na sidiria ya akiba na gauni la akiba ili nisikuaibishe shuleni kwako, leo naanikwa na mashuka?

Haya. Mjomba wako hajambo, goti langu halijambo, mvua imenyesha, bati la upande wa jikoni linavuja.

Mkunga harudii. Ule uji ulikuwa wa siku ile tu. Amerudi kwenye vijiko viwili na mkono usoni, na mgongo ameuelekeza kwangu. Daktari amempima, akatikisa kichwa, akasema mwisho wa mwezi gari la hospitali litakuja. Nimeuliza kama wanaweza kuchukua mtu mwingine badala yake, kwa mfano yule wa chumba cha nne anayeimba. Wakasema haliendi hivyo.

Nikasema basi, nitamchekesha. Nikaomba atolewe akae mlangoni mwa ukumbi, nami nikaingia. Supu ilipogawiwa nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, supu hii haikupikwa na nyama. Nyama ilipita barabarani, mpishi akaifunulia sufuria." Wakacheka, tena sana. Nikaendelea na mikono ya mpishi, na aproni yake, na mwendo wake. Nikamgeukia Mkunga kuona anavyocheka. Hakucheka. Alikuwa anamtazama mpishi aliyesimama na upawa mkononi, macho yamemjaa machozi kama mtoto aliyenyang'anywa kiti. Mkunga akasukuma sahani aliyowekewa kwa ule mkono mzima, akaomba arudishwe chumbani. Jioni supu ikaja haina chumvi, na sikuwa na uso wa kuidai.

Sasa nimelifikiria hili kwa kichwa changu cha darasa la tatu. Yule mama amechekwa mno ndani ya moyo wake mwenyewe, hataki kumwona mwingine akichekwa. Siku ya meno hakucheka kwa sababu ni kichekesho. Alicheka kwa sababu aliyeanguka ni mimi, mwenye maringo, na hakuna aliyenisukuma. Nikimcheka mpishi, mpishi ananuna na supu inakuwa maji. Nikijicheka mimi, nani atanuna? Ni mimi, na kununa nimezoea.

Nitumie vitambaa vyeupe vya mezani, vile hoteli yenu inavyotupa vikitoboka. Vikubwa. Usiniulize vya nini.

Salamu hazikubaki.

Bibi yako


5 Mei

Shikamoo Bibi,

Vitambaa hivi hapa, vimo kwenye mfuko huu. Hukutaka niulize, sikuuliza. Nimevitia wanga kidogo na nimevishonea kamba za shingoni.

Mjukuu wako


19 Mei

Mke mwenzangu,

Hii ni barua ya shibe. Kaa chini.

Mfuko wako umefika, ila ulichelewa na gari la hospitali halingojei vifurushi. Asubuhi ile ya gari walishamfungia Mkunga nguo zake kwenye begi dogo, begi la mtu asiyetegemewa kurudi. Analitazama tu. Nikatoka kitandani. Nikayatoa meno, nikayatia kwenye kikombe. Nikachukua bibu ile ile aliyokuwa akiikataa, ya bata, nikajifunga mwenyewe. Nikamwambia mhudumu amsukume kiti anifuate. Mkunga akasema, "Si...taki." Nikamwambia hujaombwa kula, umeombwa kuja kunizika.

Nikaingia ukumbini hivyo, mashavu yameingia ndani, kidevu kinagusana na pua, bata kifuani. Kikombe cha meno nikakiweka katikati ya meza kama maua. Hata yule wa kuimba alikatiza wimbo. Nikasema, na hebu fikiri nilivyokuwa nikitamka:

"Mnaniangalia nini? Mimi ndiye niliyewafokea kwa meno ya watu. Mume wangu aliishi nami maisha yake yote hakuiona sura hii, na sasa naelewa kwa nini alikufa na furaha. Mpishi, niletee supu, tena weka na nyama ile iliyopita barabarani, maana kwa ufizi huu itapita tu."

Mpishi akaniletea mwenyewe. Nikala. Yaani nilikusudia kumwaga kidogo kwa makusudi, lakini haikuhitaji makusudi. Ilinimwagikia yenyewe, kidevuni, kwenye bata, kila mahali. Mkono wangu nao siku hizi hutetemeka, na hilo sikuwahi kumwambia mtu, wewe wala mjomba wako. Karani akaja na kiti chake, akainama, akasema, "Kwa ruhusa yako, mama," akatoa meno yake, akayatia kwenye kikombe kingine. Akakiweka mbali na changu.

Halafu Mkunga akasema, neno moja moja, kama mtu anayepanda ngazi:

"Una... sura ya... mtoto mchanga. Nimezalisha... wabaya hivyo... wengi."

Nikamwambia, "Basi nipige makalio nilie, nipumue."

Akacheka ile sauti yake ya mlango. Na mdomo ukiwa wazi hivyo, kwa kucheka, akashika kijiko kwa mkono wake mzima. Supu ikamwagika nusu. Nusu ikaingia. Akachota tena, mbele ya watu wote, na mkono ule haukupanda kufunika uso, ulikuwa na kazi. Daktari alipofika alimkuta kwenye sahani ya pili. Akamuuliza matroni ametumia dawa gani. Matroni akaninyooshea kidole, nikamwonyesha daktari ufizi.

Gari liliondoka tupu. Daktari kasema ataendelea kumpima kila Jumatatu, na kama ataanguka tena, tutaona. Kwa hiyo sasa nina kazi, kwa uzee huu. Kila siku lazima nitafute upumbavu wangu mmoja niuweke mezani. Haujaisha bado. Nilimsimulia nilivyofunga ndoa na viatu vya jozi mbili tofauti. Nilimsimulia siku nilipomtukana mwizi kumbe ni kioo. Bwana Kicheko anakuja kukaa nasi, amevua tai, na juzi alicheka, kumbe ana pengo.

Vitambaa vyako vimegombaniwa. Karani kachukua kimoja, wa kuimba kimoja, na hata wale wasiomwaga wanataka, maana wanasema hii ndiyo meza ya maana. Mpishi kaomba chake pia. Wanatuita meza ya wenye bibu.

Usidhani nimempenda huyu mama. Bado anakoroma. Asipokoroma ndiyo naamka kumsikiliza.

Sasa wewe. Nimezisoma barua zako upya, nina nafasi. Mwaka jana zilikuwa zimejaa mpiga picha, mpiga picha alisema, mpiga picha alicheka. Mwaka huu hayumo hata kwenye muhuri. Kila nikimuuliza unaniambia wote hawajambo. Wote ni nani? Mtu anayekula amejifunika uso, siku hizi mimi namjua hata kwa mwandiko.

Bibi yako,
asiye na meno siku za kazi


9 Juni

Shikamoo Bibi,

Barua hii nimeichana mara nyingi.

Aliondoka mwezi wa kwanza, kabla hata ya barua yako ya kwanza ya mwaka. Alichukua kamera na kabati, akaniachia picha zangu mwenyewe. Sikukuambia kwa sababu ulishasema juu ya kidevu chake mbele ya mama zangu wadogo wote, nikamtetea, nikakujibu vibaya, nikaondoka kwako nimenuna. Nilijua utasema, "Nilikuambia." Nilishajiambia mwenyewe kila siku, sikutaka na mwingine.

Chakula nakula nimesimama, karibu na sinki, nisikione kiti chake.

Likizo ninayo. Hata mwezi wa nne nilikuwa nayo. Sikujua ningeingiaje mlangoni kwako na sura hii.

Mkunga anakula?

Mjukuu wako


18 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba.

Mkunga anakula. Kafura shavu moja, lile linalofanya kazi.

Sitaandika pole, sijui inavyoandikwa, darasa la tatu hatukufika hapo. Wala sikuambii nilikuambia. Nilisema kidevu, na kidevu hakikuwa na kosa lolote. Nilisema kwa sababu alikuwa anakupeleka mbali, na mimi mtu akinipelekea changu mbali huwa namtafutia kasoro iliyo karibu. Sasa mtu mwenye kidevu kama changu, kinachofika puani nikitoa meno, alipata wapi ujasiri wa kucheka kidevu cha mwenzake? Nimewasimulia hilo mezani jana. Halikuchekesha sana. Mkunga alinishika mkono, akasema, "Mwite."

Basi nakuita. Njoo na hiyo sura uliyo nayo, usiiogeshe. Mimi nitakuwa mlangoni bila meno, ili tukitazamana asiwepo wa kuanza kumcheka mwenzake.

Kiti kipo, kati yangu na Mkunga, na hapa hairuhusiwi kula umesimama. Vile vitambaa vyako vyeupe vimekwisha, kila mtu kashikilia chake. Utavaa ya bata.

Bibi yako